Mchoro wa Bahari wa Kusini mwa Italia Usio na Sahihi: Namna ya Kuuchunguza Kabla ya Kuupa Jina

Mashua mbili tatu zimevutwa ufukweni, mlima wa samawati uko kwa mbali, mbingu imekaa nusu ya picha, na pembeni hakuna sahihi. Michoro ya mafuta ya namna hii imejaa kwenye minada midogo ya Ulaya na masoko ya vitu vikuukuu. Muuzaji huandika "shule ya Napoli, karne ya 19" na kuishia hapo. Huenda anasema kweli. Huenda pia hajui, na maneno hayo ndiyo yanayouzika.

Kila anayeushika mchoro kama huo huanza kwa kuuliza nani kauchora, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Ukishataja jina, macho yako yanaacha kuchunguza yanaanza kutetea. Anza na kitu chenyewe: kimetengenezwa kwa nini, kisingeweza kuwepo kabla ya mwaka gani, na ufuo ule ni wa wapi. Jina lije mwisho. Lisipokuja, bado una mchoro.

Mapokeo yenyewe kwa ufupi

Mkondo huu ulianza Napoli na Mholanzi Anton Sminck van Pitloo (1790–1837), aliyewatoa wanafunzi nje ya chumba wakachore mbele ya bahari yenyewe. Kundi lake ndilo linaloitwa Shule ya Posillipo, kwa jina la kilima cha ufukweni Napoli, na Giacinto Gigante (1806–1876) ndiye aliyeng'aa zaidi humo. Akafuata Filippo Palizzi (1818–1899), aliyeshikilia kuchora kitu kama jicho lilivyokiona, bila kukipamba. Miaka ya 1860, Marco De Gregorio, Federico Rossano na kijana Giuseppe De Nittis wakakusanyika Resìna na Portici, miji iliyo chini ya volkano ya Vesuvio. Mchoraji Domenico Morelli aliwatania kwa kuwaita "Jamhuri ya Portici". Upande wa Sisilia wako Francesco Lojacono (1838–1915), aliyepewa lakabu ya "mwizi wa jua", na Antonino Leto (1844–1913), aliyemalizia maisha yake kisiwani Capri. Nyuma yao kuna mamia ya mikono midogo iliyochora bahari ileile kwa ajili ya wageni, na wengi wao hawakutia sahihi. Kwa hesabu tu, mchoro ulio nao una nafasi kubwa zaidi ya kutoka kwa hao.

Kabla hujaugusa

Usiusafishe. Watu hufuta michoro kwa kitunguu, kwa kiazi, kwa nyama ya mkate, kwa sabuni ya mche. Maji yakipita kwenye nyufa hufika kwenye tabaka la msingi, yaani ule mpako mweupe wa gundi ya wanyama na chokaa ulio chini ya rangi. Tabaka hilo huvimba, na rangi iliyokaa juu yake ikabanduka kama magamba. Kupaka mafuta ya kitani ni kubaya zaidi: picha hung'aa kwa wiki chache, kisha mafuta hugeuka kahawia na kushikamana na rangi, na kuyaondoa tena ni shughuli nzito hata kwa mtaalamu.

Unahitaji vitu vichache: lenzi inayokuza mara 10, tochi ya mwanga mweupe, taa ya UV (miale ya urujuanimno) ya nanomita 365 (zile za bei rahisi za 395 hutoa mwanga mwingi wa zambarau unaoficha unachotafuta), utepe wa kupimia, brashi pana laini sana, na simu yenye kamera nzuri. Tandika shuka nene safi mezani. Usivae glavu za pamba, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye magamba ya rangi. Mikono mikavu iliyooshwa inatosha, au glavu za nitrili.

Piga picha kabla ya jambo lolote: mbele nzima, nyuma nzima, kingo zote nne, pembe zote nne, kisha sehemu ndogondogo ukiwa umeweka rula pembeni. Ukikuta magamba yamenyanyuka, uache mchoro umelala chali na usiugeuze. Hapo mwite fundi wa kuhifadhi michoro.

Hatua ya 1: Je, umechorwa kweli?

Weka lenzi juu ya sehemu ya anga. Ukiona vitone vilivyopangwa, huo ni uchapishaji. Wanaodhani uchapishaji juu ya turubai ni jambo la leo hupigwa na oleografia, picha za karne ya 19 zilizochapwa kwa rangi nyingi, zikabandikwa kwenye turubai, zikagandamizwa zipate migongo kama ya brashi, kisha zikapakwa vanishi. Turubai ni la zamani kweli, mbao ni za zamani kweli, na picha si mchoro. Dalili yake ni kwamba migongo ya "brashi" haifuati umbo la kitu. Utaona mikwaruzo ya wima ikipita juu ya wimbi la mlalo bila kulijali.

Angalia pia kama ni rangi ya maji nzito, ile ambayo Napoli ilikuwa maarufu nayo kwa picha za Vesuvio ikiwaka usiku. Hiyo huwa juu ya karatasi, haina mng'ao, na kwa kawaida iko nyuma ya kioo. Mara nyingi huuzwa kwa jina la mafuta.

Hatua ya 2: Geuza nyuma

Nyuma ya mchoro husema kweli kuliko mbele, kwa kuwa walioghushi wengi huishiwa na subira kabla ya kufika huko. Kanuni ya kukaa nayo katika kazi yote ni hii: kitu cha kale hakithibitishi kwamba mchoro ni wa kale, lakini kitu kipya huthibitisha kwamba kuna jambo limefanyika karibuni. Turubai la mwaka 1870 linaweza kuchorwa leo. Rangi iliyovumbuliwa 1935 haiwezi kuwa imetumika 1870.

Anza na kilichobeba rangi. Wachoraji wa Posillipo walichora sana mafuta juu ya karatasi, na karatasi ikabandikwa baadaye kwenye turubai. Kwa hiyo chunguza ukingo: ukiona tabaka jembamba la karatasi kati ya rangi na kitambaa, usiseme ni uzembe, hiyo ni tabia ya wakati na mahali. Kundi la Resìna na waliofuata walipenda vibao vidogo vya mbao vinavyoingia kwenye sanduku la rangi. Kadibodi ilienea mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa 20. Hadibodi ya kushindiliwa ni bidhaa ya miaka ya 1920 na kuendelea.

Ikiwa ni turubai, tazama mbao ambazo limewambwa juu yake. Mbao zenye kabari ndogo kwenye pembe hukuwezesha kukaza turubai likilegea. Zilizopigiliwa moja kwa moja bila kabari ni za namna rahisi au ya zamani zaidi. Misumari midogo yenye kichwa, iliyoshika kutu na kuacha duara la kahawia kwenye kitambaa, ni dalili njema. Pini za stepla ni za karne ya 20, hasa kuanzia katikati. Skrubu ya kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 au baadaye. Lakini usihukumu haraka, maana mchoro wa kale unaweza kuwa umewambwa upya. Angalia kingo za turubai kama kuna safu mbili za matundu ya misumari, ya zamani yaliyo wazi na mapya yaliyojaa. Kama misumari ya sasa ndiyo mipya na matundu ya zamani hayalingani na mbao hizi, umeshaelewa.

Turubai la pili lililobandikwa nyuma ya la kwanza ni ukarabati. Italia ilikuwa kawaida kulibandika kwa uji wa unga na gundi. Ubaya wake kwetu sisi watu wa joto ni kwamba uji huo ni chakula cha kuvu na wadudu. Na pasi nzito iliyotumika mara nyingi imebapa migongo ya rangi, kwa hiyo povu la wimbi lililokuwa limesimama sasa limelala. Usimlaumu mchoraji kwa hilo.

Maandishi yasome yote, hata yaliyofifia. Piga picha kwa mwanga wa pembeni kisha ongeza utofauti wa rangi kwenye simu. Majina ya miji ni saa nzuri: Resìna ilibadilishwa jina ikawa Ercolano mwaka 1969, na Girgenti ya Sisilia ikawa Agrigento mwaka 1927. Lebo inayosema "Resina" huenda iliandikwa kabla ya 1969. Inayosema "Ercolano" kwa maana ya mji wa leo iliandikwa baadaye, hata kama mchoro ni mzee zaidi. Lebo yenye neno "Promotrice" inatoka kwenye jumuiya iliyofanya maonyesho ya sanaa Napoli tangu miaka ya mwanzo ya 1860. Nambari kwenye lebo hiyo ni hazina, kwa sababu katalogi za maonyesho hayo zilichapishwa na kila nambari ina jina mbele yake.

Pima urefu na upana kwa milimita. Maduka ya Ufaransa yaliuza turubai kwa vipimo maalumu, na kulikuwa na safu ya "bahari" iliyokuwa ndefu na nyembamba. Namba 10 ya bahari ni sentimita 55 kwa 33, wakati namba 10 ya mandhari ni 55 kwa 38. Kipimo kamili cha Kifaransa kinaonyesha vifaa vilivyonunuliwa dukani. Hakionyeshi kwamba mchoraji alikuwa De Nittis aliyehamia Paris, ingawa wauzaji hupenda uamini hivyo.

Hatua ya 3: Mwanga wa pembeni

Zima taa, washa tochi, ilaze karibu sawa na uso wa mchoro ikitokea kushoto, kisha kulia, kisha juu. Kila kilima na bonde la rangi litajitokeza.

Nyufa zina tabia zake. Kwenye turubai huunda mtandao, na mara nyingi mstari mmoja hufuata ukingo wa mbao zilizo nyuma. Pembeni huenda mshazari. Nyufa za mviringo kama utando wa buibui maana yake kitu kiligonga. Kwenye kibao nyufa hufuata nyuzi za mti. Nyufa pana zenye kingo laini, kama matope yaliyokauka, hutokana na mchoraji kupaka rangi inayokauka upesi juu ya ile inayochelewa, au kutumia lami kwenye vivuli vya miamba. Za kughushi husambaa sawasawa kila mahali, hazijali mbao wala pembe, na uchafu uliomo una rangi moja kama umepakwa kwa kitambaa.

Tafuta pia umbo lisilolingana na picha ya juu: mgongo wa rangi unaopita chini ya anga, kwa mfano. Vibao vilitumiwa mara mbili bila aibu, na chini ya bahari tulivu unaweza kukuta kichwa cha mbuzi.

Hatua ya 4: Taa ya UV

Chumba kiwe giza kabisa, na subiri dakika tano macho yazoee. Usiitazame taa yenyewe.

Vanishi ya utomvu iliyozeeka hung'aa kijani chenye manjano, kama ukungu uliotanda. Mahali palipotiwa rangi baadaye huonekana kama madoa meusi au ya zambarau iliyokolea. Usishtuke kuyaona angani, kwani anga ndiyo sehemu pana na nyembamba na ndiyo hupata madhara kwanza. Cha kuangalia ni eneo. Madoa machache ni matengenezo. Doa kubwa linalofunika pembe ya chini kulia, mahali sahihi inapokaa, ni swali.

Nyeupe ya zinki huwaka manjano-kijani. Nyeupe ya titani hubaki ya giza, na kwa kuwa iliingia kwenye rangi za wachoraji baada ya 1920 hivi, kuikuta kwenye povu la mawimbi, si kwenye matengenezo, huufunga mlango wa karne ya 19. Uzi au karatasi inayong'aa nyeupe ya samawati kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga ina kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Kama uso wote ni wa giza sawasawa, bila kung'aa, ama vanishi ni mpya ya kiwandani ama imewekwa makusudi kuzuia UV. Hapo taa haina la kusema.

Hatua ya 5: Isome bahari

Hapa ndipo mtu wa pwani ana faida kuliko mtu wa makumbusho asiyewahi kuvuta kamba.

Vesuvio kwanza. Ukiwa Napoli, mlima una vichwa viwili: kushoto ni mgongo wa Somma wenye meno, kulia ni koni yenyewe. Ukiwa Pompei mpangilio hugeuka, Somma huwa kulia. Ukiwa Sorrento unautazama kutoka kusini, na Somma hujificha nyuma ya koni. Kwa hiyo mlima peke yake unakuambia mchoraji alisimama wapi, au kwamba hakusimama popote na alinakili vibaya. Umbo la koni nalo hubadilika. Kabla ya mlipuko wa Aprili 1906 ilikuwa ndefu na yenye ncha. Mlipuko ule ulikata kilele na kuacha mdomo mpana. Moshi uliendelea kuonekana kwa vipindi hadi 1944, kisha ukakoma. Koni butu, basi, huenda ni ya baada ya 1906. Koni yenye ncha na moshi inaweza kuwa ya kabla yake, au kazi ya mtu wa miaka ya 1950 aliyejua watalii wanataka moshi. Mstari mwembamba ulionyooka kwenye mteremko huenda ni reli ya kupandia mlimani, iliyofunguliwa 1880.

Jua linafuata. Napoli inautazama Vesuvio upande wa mashariki. Jua huchomoza nyuma ya mlima na kuzama upande wa Posillipo, na jioni uso wa mlima hugeuka waridi na zambarau. Machweo mekundu nyuma ya Vesuvio ukiwa umesimama Mergellina, ufukweni Napoli, hayawezekani. Wachoraji wa kweli wa mapokeo haya hawakukosea hapo, maana walikuwepo. Wanaokosea ni wa kunakili.

Maji kupwa na kujaa. Ghuba ya Napoli karibu haina bamvua: tofauti ya maji ni sentimita 30 hadi 40 tu, ilhali pwani ya Mombasa inafika mita 3 na zaidi. Ukiona mashua zimelala ubavu kwenye tope pana lenye vidimbwi, hiyo si Napoli wala Amalfi. Huenda ni Uingereza, Brittany ya Ufaransa au pengine kokote penye Atlantiki. Napoli mashua huvutwa mchangani juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, na mstari wa maji hubaki palepale.

Mchanga nao una kauli. Ufuo wa Portici na Torre del Greco ni wa mawe ya volkano, rangi ya kijivu cheusi. Capri ni chokaa, nyeupe na kavu. Miamba mitatu mikubwa iliyosimama baharini, wa kati ukiwa na tundu kama mlango, ni Faraglioni ya Capri. Lakini miamba ya namna hiyo ikiwa meusi ya lava, tafuta Aci Trezza, Sisilia, chini ya volkano ya Etna. Palermo utaijua kwa Monte Pellegrino, jabali pana la mita 600 hivi linalokaa kushoto ukiwa mjini umeelekea baharini.

Kisha vyombo. Mashua ndogo ya wavuvi wa Napoli huitwa gozzo. Imechongoka mbele na nyuma, ina mlingoti mfupi na tanga la pembetatu linaloning'inia kwenye foromali, yaani mti wa kufungia tanga. Mtu wa Lamu ataliona kama la nyumbani, lakini tazama vizuri: tanga la jahazi letu lina ukingo mfupi upande wa mbele, ilhali la gozzo hufika ncha kabisa. Mchoraji aliyekulia ufukweni hujua kamba ya kushikilia tanga inafungwa wapi na upepo unalijaza kutokea upande gani. Linganisha moshi wa mlima, bendera na tanga. Vikielekea pande tofauti, mchoro umeungwaungwa kutoka kwenye picha mbalimbali.

Kosa la kila siku la wauzaji ni tanga la manjano au la kutu lenye alama zilizochorwa, kama jua, msalaba au farasi, kwenye chombo chenye tumbo bapa. Huyo ni bragozzo wa Chioggia, kule Venisi, bahari ya Adriatiki. Ukikuta "shule ya Napoli" na bragozzo kwenye lebo moja, mwenye lebo hakutazama picha.

Bendera ikiwepo, itumie. Ya ufalme wa Bourbon, uliotawala Napoli kabla ya muungano wa Italia, ilikuwa nyeupe yenye nembo, hadi 1860 hivi. Rangi tatu zenye nembo ya Savoy, ukoo wa kifalme wa Italia, katikati ni 1861 hadi 1946.

Majengo yanahitaji tahadhari zaidi kwa kuwa yalinakiliwa sana. Moja tu linafaa kukumbukwa: barabara ya Via Caracciolo ilijengwa ukingoni mwa bahari katika miongo iliyofuata muungano wa Italia. Kabla yake bustani ya mji iitwayo Villa ilipakana na ufuo. Wavuvi wakivuta nyavu mbele ya miti ya bustani hiyo, bila barabara, wanaonyesha Napoli ya zamani zaidi.

Hatua ya 6: Mkono

Baada ya yote hayo ndipo uanze kuuliza ni mkono wa aina gani. Posillipo ni kazi ndogo zenye hewa, nuru ya fedha, na watu wadogo waliowekwa kwa vitone viwili. Palizzi na waliomfuata wanang'ang'ania kitu kilicho karibu: jiwe, mwani, pembe ya mbuzi. Resìna ni tofauti kabisa, na kwa maoni yetu ndiyo kazi bora ya mkondo mzima. Picha ni ndefu za mlalo, upeo uko chini, mbele pako patupu, nuru imewekwa kwa vipande vipana bila kuchanganywa, na hakuna tukio lolote. Lojacono huchora vumbi na jua kali, mawe ya mbele makali kiasi cha kukatia mkono. Leto hupenda nyeupe ya chokaa inayoumiza macho.

Kazi ya kuuzia watalii hujitambulisha kwa njia moja: kila kitu kimo. Mlima, moshi, msonobari wa mwavuli upande wa kushoto, wavuvi wenye kofia nyekundu, nyavu, mwezi. Mchoraji wa asili huacha vitu nje.

Rangi zenyewe kwa jicho ni ushahidi dhaifu, ila miaka michache inafaa: samawati ya kobalti 1802, ultramarini ya kutengenezwa 1828, kijani cha viridiani 1859, buluu ya ftalo 1935. Kuzithibitisha kunataka mashine, na gharama yake ina maana tu pale hatua zilizotangulia zimekuacha na matumaini.

Hatua ya 7: Sahihi iliyojitokeza

Mara nyingine mchoro "usio na sahihi" hupata sahihi ukifika kwa muuzaji wa pili. Weka lenzi. Sahihi ya wakati wa kuchora hupasuka pamoja na rangi, ufa hukata herufi. Iliyoongezwa hutiririka ndani ya ufa na kuujaza. Chini ya UV, ya asili iko chini ya ukungu wa vanishi. Ya kuongeza huelea juu yake ikiwa nyeusi tii. Mchoro safi usio na jina ulioharibiwa kwa jina la uongo umeshushwa thamani mara mbili, kwani sasa lazima mtu alipwe kuliondoa.

Katika katalogi za Italia, soma maneno kwa uzito wake. "Attribuito a" maana yake wanadhani ni yake. "Cerchia di" ni mtu wa karibu naye, wa wakati wake. "Seguace di" ni aliyemfuata, pengine baadaye. "Maniera di" ni mtindo tu, wakati wowote hadi jana. "Scuola napoletana" haitaji mtu yeyote, na kwa kazi nyingi ndiyo kauli ya uaminifu. Wewe mwenyewe andika hivi: mahali panapoonekana, kipindi kwa miaka 20 au 30, kilichobeba rangi, vipimo, hali. Kwa mfano: "Ufuo wa Portici na Vesuvio, mchoraji wa Napoli asiyejulikana, 1870–1900, mafuta juu ya kibao, sm 18 × 31, sahihi hakuna."

Hatua ya 8: Kabla ya kulipa na kabla ya kusafirisha

Polisi wa Carabinieri wa Italia wana kikosi cha kulinda urithi wa sanaa tangu 1969, na sehemu ya orodha yao ya kazi zilizoibwa inatafutika bure mtandaoni. Tafuta kwa mada na vipimo, usitafute kwa jina la mchoraji, maana mchoro ulioibwa hufika sokoni ukiwa umepoteza jina.

Kuutoa Italia kuna utaratibu chini ya sheria ya urithi ya 2004 na marekebisho ya 2017. Kazi ya msanii aliyefariki, yenye umri wa zaidi ya miaka 70, inahitaji kupitia ofisi ya usafirishaji wa sanaa. Ikiwa thamani yake haizidi euro 13,500, kwa kawaida mwenye mali hutoa tamko mwenyewe. Ikizidi, huombewa kibali. Muulize muuzaji karatasi hizo kabla pesa hazijatoka. Anayesema "beba tu kwenye sanduku la nguo" hatakuwepo uwanja wa ndege.

Hatua ya 9: Kuutunza, hasa pwani

Makumbusho hulenga unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Dar es Salaam, Tanga au Muscat wakati wa joto hutafikia hapo bila mashine. Kinachoua mchoro zaidi ni kupanda na kushuka: kiyoyozi usiku, madirisha wazi mchana. Turubai hulegea na kukaza, tabaka la msingi haliwezi kufuata, nyufa zinafunguka. Chumba chenye unyevu uleule siku zote, hata ukiwa juu kidogo, ni afadhali kuliko chumba cha kiyoyozi kinachozimwa asubuhi.

Usiutundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala juu ya jiko, wala kwenye njia ya mkondo wa kiyoyozi. Bandika vipande vya kizibo vya unene wa sentimita 1 hadi 2 kwenye pembe za nyuma za fremu ili hewa ipite. Funga ubao mwembamba nyuma, wenye matundu machache, uzuie vumbi na mende. Usiuzibe mbele na nyuma kwa kioo na plastiki, maana unyevu utanaswa ndani.

Ukiona kuvu nyeupe au ya kijivu, utenge mchoro na vitu vingine, uweke penye hewa kavu na kivuli kwa siku kadhaa hadi kuvu iwe unga mkavu. Kisha, nje ya nyumba na ukiwa umevaa barakoa, ifagie taratibu kwa brashi laini kuelekea upande mmoja, na tu kama rangi imeshika imara. Dawa ya madoa ya nguo, siki na dawa za kuua wadudu zikae mbali nayo. Mashimo madogo ya mbao yenye unga mpya mweupe chini yake ni ya wadudu walio hai. Vua fremu kwanza, kwa sababu mara nyingi wao hukaa kwenye fremu na mchoro haujaguswa. Angalia tena kila baada ya mvua za masika, ukianzia nyuma, kwenye zile kabari za pembe: zikiwa zimelegea, zisigongwe ndani kwa nyundo, maana turubai kuukuu likikazwa ghafla hupasuka kwenye mstari wa misumari.